Mguso wa Kwanza: Karch Kiraly, Kutoka Uwanja wa Chuo Hadi Dhahabu Nne

Mpira wa wavu, ambao nchini Kenya huitwa zaidi voliboli, ni mchezo ambao kila upande una wachezaji sita na ruhusa ya kuugusa mpira mara tatu tu kabla ya kuurudisha ng'ambo ya wavu, na kwa kawaida miguso hiyo mitatu hugawanyika kikazi: wa kwanza ni wa kupokea mpira ulioanzishwa na wapinzani, wa pili ni wa kuuinua mpira huo karibu na wavu, kazi ambayo hufanywa na mchezaji aitwaye mpangaji au seta, na wa tatu ni mkwaju, yaani pigo la nguvu la kuushusha mpira katika uwanja wa upande wa pili. Watazamaji hushangilia mguso wa tatu. Picha za magazeti huwa za mguso wa tatu, na vijana wanaoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, iwe ni kwenye vumbi la uwanja wa shule au kwenye sakafu ya ukumbi wa chuo kikuu, hutamani kujulikana kwa mguso huo huo. Mhadhara huu unamhusu mchezaji aliyeweza miguso yote mitatu kwa ustadi wa kushangaza tangu alipokuwa mwanafunzi wa chuo, lakini ambaye maisha yake ya michezo, yakichunguzwa mwaka hadi mwaka, yanaonyesha kwamba kilichombeba kwa muda mrefu kuliko vyote ni ule mguso wa kwanza ambao haupigiwi makofi.

Mchezaji huyo ni Karch Kiraly wa Marekani, mshindi wa medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1984 na 1988 katika mchezo wa ukumbini, mwaka 1996 katika mchezo wa ufukweni, na kisha, akiwa kocha wa timu ya wanawake, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Hakuna mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ukumbini na ufukweni pia. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi, na nyota ya Kiraly ilionekana mapema mno. Swali linalostahili kuulizwa, na ambalo wasimulizi wengi wa habari za michezo hulipita haraka, ni kitu gani hasa kilichoonekana asubuhi ile, kwa sababu vijana wengi huonyesha dalili njema wakiwa na miaka 18 na wachache tu huwa bado wanashinda wakiwa na miaka 35, au 44, au 60.

Kiraly alizaliwa tarehe 3 Novemba 1960 katika mji wa Jackson, jimbo la Michigan, na kukulia Santa Barbara, mji wa pwani ya California. Baba yake, László, alikuwa Mhungaria aliyekimbia nchi yake baada ya uasi wa mwaka 1956 kuzimwa na majeshi ya Kisovieti, na kabla ya kukimbia alikuwa amecheza mpira wa wavu katika timu ya vijana ya taifa lake. Huko Marekani alisomea udaktari, lakini mchezo hakuuacha. Jina Karch lenyewe ni ukumbusho wa lugha ya nyumbani, kwa kuwa linatokana na Karcsi, namna ya Kihungaria ya kumwita kwa mapenzi mtu aitwaye Karoly, ambaye kwa Kiingereza ni Charles, na neno király kwa Kihungaria maana yake ni mfalme. Mtoto alianza kufundishwa na baba akiwa na umri wa miaka sita hivi, na alipofika miaka 11 wawili hao waliingia pamoja katika mashindano ya ufukweni dhidi ya watu wazima. Hapo ndipo ilipowekwa mbegu ya mambo yote yanayofuata, kwa sababu katika mpira wa ufukweni kila upande una wachezaji wawili tu, na mtoto wa miaka 11 anayecheza na baba yake dhidi ya watu wazima hana pa kujificha: wapinzani humpelekea yeye kila mpira, na asipojifunza kupokea, mchezo unakwisha kabla haujaanza.

Mwaka 1978 alijiunga na Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kinachojulikana kwa kifupi UCLA. Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kufahamu kwamba nchini Marekani michezo ya vyuo si burudani ya wanafunzi ya mwisho wa juma, ila ni ngazi kamili ya ushindani yenye makocha wa kulipwa, ufadhili wa masomo kwa wachezaji na ubingwa wa taifa unaosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA, ambacho kilianzisha ubingwa wa mpira wa wavu wa wanaume mwaka 1970. Bingwa wa kwanza alikuwa UCLA, chini ya kocha Al Scates, ambaye alikifundisha chuo hicho kuanzia miaka ya 1960 hadi 2012 na kukiachia mataji 19 ya NCAA, huku kwa miaka mingi akifanya pia kazi ya mwalimu wa elimu ya viungo katika shule ya msingi huko Beverly Hills. Jambo hilo la mwisho linastahili kutajwa kwa heshima. Kocha aliyeshinda kuliko wenzake wote wa zama zake alikuwa akitoka kwa watoto wa shule ya msingi na kwenda kwa mabingwa wa taifa, na haishangazi kwamba wachezaji wake walisifika kwa kujua misingi.

Katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1979, timu ya UCLA haikupoteza mchezo hata mmoja na ilitwaa ubingwa. Mwaka 1980 ilifika fainali ikashindwa na jirani na hasimu wake wa mji mmoja, Chuo Kikuu cha Southern California, kisha ikashinda tena mwaka 1981 na 1982, huu wa mwisho ukiwa msimu mwingine usio na doa. Kwa jumla, katika miaka minne ambayo Kiraly alivaa jezi ya chuo, UCLA ilishinda michezo 123 na kupoteza mitano. Kiraly alitumika katika mpangilio ambao wapangaji huwa wawili, kila mmoja akipanga anapokuwa safu ya nyuma na akipiga mikwaju anapozunguka kufika mbele, na mwenzake katika kazi hiyo mwaka 1979 alikuwa Sinjin Smith, ambaye jina lake litarejea baadaye katika mhadhara huu. Maana ya mpangilio huo ni kwamba kijana hakuruhusiwa kuwa fundi wa jambo moja. Alipokea, akapanga, akapiga, akazuia, akaokoa mipira ya chini, na wakati huohuo akasoma biokemia, elimu ya kemia ya viumbe hai, akihitimu shahada yake kwa daraja la heshima mwaka 1983.

Ni vyema kutua kidogo juu ya kitendo chenyewe cha kupokea, kwa kuwa bila kukiona kwa karibu hoja hii haitaeleweka. Uwanja wa upande mmoja una urefu wa mita tisa na upana wa mita tisa, yaani mita za mraba 81, na wavu wa wanaume husimama kwa kimo cha mita 2.43. Mpira ukianzishwa kwa kurukiwa na kupigwa kwa nguvu kutoka nyuma ya mstari, unamfikia mpokeaji kwa muda usiotimia sekunde moja. Ukianzishwa kwa pigo la kiganja kigumu bila kuuzungusha, unakuja polepole zaidi lakini unayumba hewani kama kishada kilichokatika uzi, ukipanda na kushuka bila kutabirika. Mpokeaji mzuri huanza kusogea kabla mpira haujavuka wavu, kwa kusoma bega na mkono wa mwanzishaji. Huteremsha nyonga, huunganisha mikono kwa kuweka ngumi moja ndani ya kiganja cha pili na kunyoosha viwiko mpaka vigasha viwili viwe ubao mmoja, kisha hukutana na mpira bila kuupiga. Huuacha ujigonge kwenye ubao huo na kuuelekeza kwa kuinamisha bega, ili upande juu kwa utulivu na kumshukia mpangaji pale aliposimama karibu na wavu. Mpira ukimfika mpangaji hapo, yeye ana uhuru wa kumpa yeyote kati ya wapigaji wake, na wazuiaji wa upande wa pili hawajui waruke wapi. Ukipotoka kwa mita mbili au tatu, njia zote hufungwa isipokuwa moja, na ukuta wa wapinzani unakuwa umekwisha kusimama ukingoja.

Kiswahili kina utajiri katika neno hili. Kupokea, katika matumizi ya pwani na hata ya bara, si kutwaa kitu tu. Mtu humpokea mgeni mzigo wake njiani ili mgeni aingie nyumbani akiwa mwepesi, na mtoto asiyempokea mzazi mzigo huhesabiwa kuwa hakulelewa. Mpokeaji wa mpira wa wavu anafanya hasa kazi hiyo. Anautwaa uzito wa mpira uliotumwa kwa nia mbaya, anauondolea ukali wake, na kuukabidhi kwa mwenzake ukiwa mwepesi, ili mwenzake huyo, na baada yake mpigaji, wapate sifa. Huenda Waswahili wana nafasi ya kukielewa kitendo hiki vizuri zaidi kwa sababu neno lao limekwisha beba maadili yake.

Timu ya taifa ya wanaume ya Marekani, ambayo Kiraly alijiunga nayo mwaka 1981 akiwa bado mwanafunzi, haikuwa na sifa yoyote ya kimataifa. Mchezo ulibuniwa Marekani, na William G. Morgan, katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, mwaka 1895, lakini tangu uingizwe katika Olimpiki mwaka 1964 Wamarekani hawakuwahi kupata medali, na baada ya mwaka 1968 hawakushiriki kabisa mpaka walipokuwa wenyeji mwaka 1984. Katika ubingwa wa dunia wa mwaka 1982 uliofanyika Argentina walishika nafasi ya 13. Miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa wa Olimpiki, na mabadiliko makubwa kiasi hicho katika muda mfupi hivyo hayawezi kuelezwa kwa mazoezi magumu peke yake, ingawa mazoezi magumu yalikuwepo, ikiwemo safari ya wiki tatu kwenye theluji ya milima ya Utah ambako wachezaji walitembea wakiwa wamebeba mizigo mizito.

Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli yako kwenye mapokezi. Wakati huo timu nyingi zilipanga wapokeaji wanne au watano kila mpira ulipoanzishwa na wapinzani, kwa kudhani kwamba watu wengi wataziba nafasi nyingi. Kocha Doug Beal na wasaidizi wake waliona kinyume: mpira ulikuwa ukianguka katikati ya watu wawili, kila mmoja akidhani ni wa mwenziwe, na mpokeaji dhaifu ndiye aliyekuwa akiwindwa kila mara. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo waliamua jambo ambalo lilionekana kama kichaa, kwamba mita zote za mraba 81 zingelindwa na watu wawili peke yao, Kiraly na Aldis Berzins, na wengine wanne wangeondoshwa kabisa katika kazi hiyo. Faida ilikuwa ya pande mbili. Mpira ulipokewa na mikono bora tu, na wapigaji warefu kama Steve Timmons, Pat Powers na Craig Buck, ambao hawakuwa tena na shughuli ya kuinama na kupokea, walipata nafasi ya kujipanga mapema kwa ajili ya mashambulizi, Timmons akirukia mpira hata kutoka safu ya nyuma. Wapokeaji wawili nao hawakuachwa kuwa watumishi tu, kwani baada ya kupokea walikimbia kutoka popote walipokuwa na kujitokeza kama wapigaji wa kushtukiza.

Hapa inabidi kukumbuka kanuni ya zama zile, ambayo vijana wa leo hawakuikuta. Wakati huo, upande uliokuwa ukianzisha mpira ndio pekee uliokuwa na haki ya kupata pointi. Upande uliopokea, ukishinda mpira huo, ulipata tu haki ya kuanzisha. Chini ya kanuni hiyo, timu iliyopokea vizuri haikuweza kufungwa, kwa maana halisi ya neno, kwa sababu mpinzani aliyeshindwa kuvunja mapokezi hakuongeza hata pointi moja. Wapokeaji wawili wa Marekani walikuwa wameshika ufunguo wa mlango.

Katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, ambayo Muungano wa Kisovieti na Kuba zilisusia, Brazil iliifunga Marekani kwa seti 3-0 katika hatua ya makundi. Timu hiyo ya Brazil ilikuwa na waanzishaji wa kutisha: William, Renan na Montanaro, ambao walirusha mpira juu na kuupiga wakiwa hewani, mtindo uliokuwa bado mgeni wakati huo, na Bernard, aliyeupiga kutoka chini na kuutuma juu sana kiasi kwamba mpokeaji alilazimika kuutazama ukishuka kutoka darini. Walipokutana tena katika fainali, Marekani ilishinda kwa 15-6, 15-6 na 15-7. Silaha za Brazil zilikuwa zilezile, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba safari hii zilikutana na mikono iliyokwisha zisoma. Kiraly, mwenye miaka 23, alikuwa mdogo kuliko wote katika kikosi hicho.

Waliosema kwamba dhahabu ile ilipatikana kwa sababu Wasovieti hawakuwepo walijibiwa upesi. Marekani ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 1985, ubingwa wa dunia mwaka 1986 mjini Paris kwa kuwashinda Wasovieti haohao katika fainali, na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, tena dhidi yao, Kiraly akiwa nahodha na Bob Ctvrtlik akiwa amechukua nafasi ya Berzins katika mapokezi. Mpokeaji mmoja alibadilika, kocha naye alibadilika, kwa kuwa sasa alikuwa Marv Dunphy, lakini mtindo wa wapokeaji wawili ulibaki, na mtu aliyebaki ndani yake alikuwa Kiraly. Mwaka 1998 kanuni za kimataifa zilimwingiza mchezaji aitwaye libero, yaani mlinzi wa safu ya nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti, asiyeruhusiwa kupiga mkwaju juu ya wavu wala kuzuia, na ambaye kazi yake kuu ni kupokea na kuokoa. Ni halali kusema kwamba hatua hiyo ilikuwa kukiri kwa sheria kile ambacho timu ya 1984 ilikwisha kukithibitisha kwa vitendo, kwamba kupokea ni fani kamili yenye mafundi wake.

Baada ya dhahabu ya Seoul, Kiraly alicheza Italia kwa misimu miwili katika klabu ya Ravenna, akashinda ubingwa wa nchi hiyo na wa Ulaya, kisha akaurudia mchanga aliokulia.

Mpira wa ufukweni unafanana na wa ukumbini kwa sheria nyingi, lakini kimwili ni mchezo mwingine. Mchanga humeza nguvu ya kuruka, upepo huhamisha mpira, jua hupofusha, na wawili waliopo uwanjani hawana wa kubadilishana naye. Wapiga mikwaju wakubwa wa ukumbini waliokwenda ufukweni wakitegemea kimo chao mara nyingi waligundua kwamba urefu hausaidii kitu ikiwa mpira haukupokewa vizuri, kwa kuwa wapinzani huchagua kumwanzishia yule wanayemwona dhaifu, na hufanya hivyo bila huruma, mpira baada ya mpira, mpaka avunjike moyo. Kiraly, akiwa na kofia yake ya rangi ya waridi ambayo ilikuja kuwa alama yake, na kimo cha takriban mita 1.9 ambacho miongoni mwa wachezaji wa ngazi hiyo si kikubwa, alishinda mashindano 148 ya kulipwa, idadi iliyokuwa juu kuliko ya mchezaji mwingine yeyote, ushindi wa mwisho ukiwa mwaka 2005 akiwa na miaka 44. Mtoto wa miaka 11 aliyelengwa kila mpira alikuwa amekua na kuwa mtu ambaye kumlenga hakukuwa na faida.

Mpira wa ufukweni uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996 Atlanta, na mchezo wa robo fainali kati ya Kiraly akishirikiana na Kent Steffes, na Sinjin Smith akishirikiana na Carl Henkel, ndio unaokumbukwa kuliko fainali yenyewe. Smith ni yule mpangaji mwenza wa mwaka 1979. Wanafunzi wawili wa kocha mmoja, waliowahi kugawana kazi ileile katika timu isiyofungwa, walisimama pande mbili za wavu miaka 17 baadaye, na mchezo ukaenda mpaka 17-15 kabla Kiraly na Steffes hawajapita. Katika fainali waliwashinda Wamarekani wenzao Mike Dodd na Mike Whitmarsh kwa seti mbili. Kiraly alikuwa na miaka 35. Baadaye Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, lilimtangaza pamoja na Mwitaliano Lorenzo Bernardi kuwa wachezaji bora wa kiume wa karne ya 20. Njia hii ya kutoka ukumbini kwenda ufukweni Afrika Mashariki inaijua, kwa kuwa Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, jozi ya kwanza ya Kenya kucheza mpira wa ufukweni katika Olimpiki, waliopeperusha bendera hiyo Tokyo, ni wachezaji waliopikwa kwanza ukumbini.

Sehemu ya mwisho ya maisha hayo ni ya ukocha, nayo pengine ndiyo inayopima kwa haki zaidi kile alichokuwa nacho tangu chuo, kwa sababu mwili wa mchezaji huzeeka lakini ujuzi unaoweza kufundishwa hudumu. Kiraly alikuwa msaidizi wa Hugh McCutcheon katika timu ya wanawake ya Marekani kuanzia mwaka 2009, na baada ya medali ya fedha ya London mwaka 2012 akakabidhiwa timu hiyo. Wachezaji aliowapokea walikuwa zao la sheria ya mwaka 1972, ijulikanayo kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu, na kwa sababu hiyo ikavilazimu vyuo kuwafungulia wanawake milango ya michezo na ufadhili. Kwa nusu karne baada ya hapo vyuo vimekuwa tanuri la timu ya taifa, na kila mmoja wa wachezaji 12 wa kikosi cha Tokyo alipitia chuo. Lakini kabla ya mwaka 2014 timu ya wanawake ya Marekani haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa dunia wala dhahabu ya Olimpiki, ingawa ilikuwa imefika fainali mara kadhaa. Mwaka huo, mjini Milan, iliishinda China na kutwaa ubingwa wa dunia. Rio mwaka 2016 ilipoteza nusu fainali kwa Serbia katika seti ya tano na kurudi na shaba. Tokyo, tarehe 8 Agosti 2021, iliishinda Brazil kwa seti 3-0, na Kiraly akawa mtu wa pili, baada ya Lang Ping wa China, kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mchezo huu akiwa mchezaji na kisha akiwa kocha.

Mchezaji bora wa mashindano hayo alichaguliwa kuwa nahodha Jordan Larson, aliyesoma Chuo Kikuu cha Nebraska, mpigaji ambaye makocha humthamini kwanza kwa mapokezi yake. Libero bora alikuwa Justine Wong-Orantes, naye wa chuo hichohicho. Anayetaka kujua mafundisho ya kocha huangalia nani anawekwa pale mchezo unapokuwa mgumu, na Kiraly aliwaweka watu wa mguso wa kwanza.

Wapenzi wa Malkia Strikers, kama Wakenya wanavyoiita timu yao ya taifa ya wanawake, waliiona timu hiyo ikicheza katika mashindano yaleyale na Marekani ya Kiraly, katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Japani ambalo kila timu ilikutana na zote nyingine, na tena katika Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Ni timu yenye warukaji wa kupigiwa mfano na mikwaju ambayo inaheshimika barani kote. Kila inapokutana na waanzishaji wa ngazi ya juu ya dunia, tatizo huanzia mahali palepale, kwenye mpira wa kwanza unaokataa kumfikia mpangaji, na hapo nguvu ya wapigaji wote hubaki bila kazi. Tatizo hilo halikuzaliwa Tokyo wala Paris. Limezaliwa shuleni, kwenye viwanja ambako mwalimu wa michezo, akiwa na mipira miwili na wanafunzi 40, humchagua mrefu anayepiga kwa nguvu na kumwacha mfupi anayepokea. Na katika mashindano ya shule za sekondari, kama UMISSETA kwa Tanzania Bara au yale ya Kenya, zawadi na sifa hufuata njia hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji fedha, na makocha duniani kote hulifanya: kila mpira unaopokewa hupewa alama, tatu ukimfika mpangaji barabara, mbili ukimlazimu kusogea, moja ukimwachia njia moja tu, na sifuri ukipotea. Daftari la mazoezi na kalamu vinatosha, na mwanafunzi mmoja aliyekaa kwenye benchi anaweza kuandika. Mwalimu atakayefanya hivyo kwa muhula mmoja atawafahamu wapokeaji wake kwa majina, na huenda akamkuta msichana au mvulana ambaye hakuna aliyekuwa amemtazama. Walimu na vyama vya mchezo huu wanaombwa walianze.

Agosti 2024, mjini Paris, miaka 40 baada ya dhahabu yake ya kwanza, timu ya wanawake ya Kiraly ilifungwa na Italia kwa seti 3-0 katika fainali na kupata fedha. Baada ya michezo hiyo alitangazwa kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani, ile aliyojiunga nayo akiwa mwanafunzi mwaka 1981. Olimpiki ya mwaka 2028 itafanyika Los Angeles, na Kiraly atakuwa na umri wa miaka 67.